Ofisi ya Makoti

Bujumbura, Jumatano jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na hayajadondosha hata tone. Joto limeganda. Umeme ulikatika kabla ya magharibi, kwa hiyo naandika kwa betri iliyobaki, na mwanga pekee sebuleni ni huu wa kompyuta unaonipiga usoni. Hadija, mke wangu, ameketi upande wa pili wa meza, gizani. Naona bega lake tu. Hajasema neno tangu aliposema yale nitakayoyaeleza hapa.

Nina hofu. Wanaonisoma humu bloguni wamezoea kunikuta na hasira, basi wanisamehe.

Asubuhi hofu hiyo haikuwepo. Nilikuwa na makala ya moto. Nilikuwa namjibu mtaalamu mmoja niliyemsikia redioni akisema kwamba wafanyakazi wetu sasa wametulia, kwa kuwa migomo imepungua kila mahali, viwandani, shuleni, hospitalini. Wametulia! Bwana huyo anahesabu migomo kama mtu anayehesabu vyura kwa masikio: wakinyamaza, anaandika kwamba wamekufa.

Mimi nimelelewa ndani ya migomo. Baba yangu alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo, na wenzake walipogoma walitoka wakigonga vyuma hadi watoto tukakimbilia barabarani kuwatazama. Zamu yangu ilipofika, nikiwa mwalimu, hatukugonga kitu. Tulilaza chaki mezani, tukaketi uani. Baadaye wauguzi walifunga kitambaa mkononi, wakabaki kuwahudumia wagonjwa mahututi tu. Kisha madereva wa teksi: asubuhi moja tu mji uliamka bila honi. Ukiipanga migomo yetu kwa umri, utaona kila mmoja una sauti ndogo kuliko uliotangulia. Hilo ndilo nililotaka kumtupia usoni yule mtaalamu. Mgomo haujapungua. Umepungua sauti.

Ila sikujua sauti hiyo inaishia wapi.

Nilisimama kutafuta sukari. Nyuma ya vikombe kabatini nikakuta miwani ya Hadija ya kusomea. Yeye ni karani katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, na bila miwani hiyo hasomi hata jina lake. Nikadhani ameisahau leo. Nikaifuta vumbi kwa shati langu, wala sikujiuliza vumbi hilo limetoka wapi, nikashika njia kwa miguu. Mafuta ya magari hayapatikani. Nilipopita gereji za Buyenzi, mafundi walikuwa wamekaa juu ya matairi, nyundo zimelala.

Ofisini mlango ulikuwa wazi. Niliingia kwa sauti yangu ile ya mikutano: "Amakuru, ndugu zangu!"

Hakuna aliyejibu. Feni ya darini ilizunguka. Mikono ilikuwa inatikisika kidogo katika upepo wake, meza hadi meza, na mimi nilitabasamu nikisubiri mtu ainue kichwa. Nilichelewa kuelewa. Vichwa havikuwepo. Nilikuwa nimeyasalimu makoti.

Kila kiti kilikuwa na koti lake, au sweta, au shuka la begani. Mtu, hakuna hata mmoja. Simu ililia kwenye meza ya mwisho, ikalia mpaka ikachoka.

Sasa, hila hii tunaijua wote. Unafika asubuhi, unatundika koti kitini, unatoroka. Anayekuulizia anaambiwa upo, koti lako si lile pale? Nimeidhihaki humu mara nyingi. Niliandika kwamba ni mgomo wa waoga, watu wasiothubutu kusimama barabarani. Lakini nilizoea kuona koti moja, mawili, kati ya watu. Sikuwahi kuona ofisi nzima.

Akatokea Deo, mhudumu wa ofisi, Mkongomani wa upande wa Uvira, na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Papa, umesalimia muzuri," alisema. "Hawajibu, lakini hawana ubaya."

"Namtafuta Madamu Hadija."

"Madamu iko. Si unaona sweta yake?"

Nikaiona. Sweta ya kijani. Nilishtuka, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemwona akitoka nyumbani na sweta hiyo mwilini. Kumbe anazo mbili, zinazofanana kama mapacha. Hii ilikuwa imefifia mabegani kwa jua la dirishani. Mikono yake ilikuwa imelazwa mezani, mmoja juu ya mwingine, kama anavyokaa Hadija jioni ninapomsomea makala zangu.

"Nani ameipanga hivi?"

"Ni mi. Kila mchana nazigeuza kidogo. Koti ikikaa siku mingi namna moja, watu wanaanza kusema."

"Watu gani, Deo?"

Aliitazama ile sebule ya nguo, meza kwa meza, kama mtu anayetafuta jibu kwa wenyeji wake. "Mukubwa," alisema mwishowe.

Mlango wa mkubwa ulikuwa nusu wazi. Nikachungulia. Kwenye kiti kirefu cha ngozi lilikaa koti jeusi la suti, limefungwa vifungo vyote.

"Na mkubwa yuko wapi?"

"Iko, papa," Deo alinong'ona. "Si unaona?"

Nilirudi nyumbani bila kuhisi joto. Barabara nzima nilikuwa naiuliza nafsi yangu wanamdanganya nani. Mgomo wa baba ulikuwa na tajiri wa kusikia vyuma. Wetu ulikuwa na mkaguzi aliyekuja kutuhesabu uani. Huu wa leo hauna wa kuusikia. Kazi imeondoka, bosi ameondoka, na aliyebaki anapangusa mabega ya walioondoka ili bosi na watu wake wasijuane kwamba hawapo.

Na mmoja wao ni mke wangu.

Hadija aliingia saa yake ya kawaida. Nilikuwa nimeiweka miwani katikati ya meza. Aliitazama, akavua sweta, akaitundika kwenye mgongo wa kiti, akaketi.

"Kumbe umefika kule," alisema. "Deo amekupokea muzuri?"

"Unaenda wapi kila siku, Hadija?"

"Kajaga, kule ku ziwa. Niko na wamama wenzangu, tunaanika ndagala."

Ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Baba Salma. Kila jioni narudia na harufu ya ndagala mu nguo, mu nywele. Majirani wanaisikia. Paka ya Mama Zuwena inanifuata mpaka mu mulango. We hukuisikia?"

Niliisogeza miwani upande wake.

"Ulikuwa unaweza kuniambia," nilisema.

"Nilikuambia. Ulisema, ngoja nimalize aya hii." Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko yote. "We unasikia watu ya mbali tu. Kule Kajaga, mi nikisema kitu, mutu anajibu."

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Mimi nikafanya ninachojua kufanya: nikavuta kompyuta.

Nimeandika mpaka hapa bila yeye kusogea. Namwambia sasa, bila kuinua macho, kwamba ile makala nimeifuta. Hanijibu. Namwambia lile neno la waoga nitaliondoa kwenye blogu. Kimya. Namwambia, Hadija, sema lolote, hata tusi.

Bega lile halitikisiki.

Umeme umerudi.

Kwenye kiti kuna sweta ya kijani. Mikono yake imeanguka mezani, upande wangu. Sijui aliondoka lini. Labda nilipokuwa naandika habari za Deo, labda nilipokuwa bado kwenye habari za baba. Nimeongea na kiti, na kiti kimenivumilia kama alivyonivumilia yeye.

Nyuma ya nyumba nasikia mafuta yakichemka, na Hadija akicheka na Mama Zuwena aliye ng'ambo ya ukuta. Kicheko kikubwa, cha mtu aliyemaliza kazi. Na inapenya chini ya mlango, nzito, ya chumvi na moshi, harufu ya ndagala. Imejaa sebuleni. Imo kwenye mapazia. Imo kwenye shati nililovaa.

Miaka yote nimewahubiria watu kwamba mgomo bila madai si mgomo. Huu umefanyika mezani pangu, mbele ya pua yangu. Nafunga mashine, natoka nyuma. Sitapeleka hotuba. Nina swali moja, na naogopa jibu lake kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo ya askari.

Hadija, madai yako ni yapi?