Injini Ikiwa Moto

Trinidad, Beni
15 Agosti 1986

Mdogo wangu Nicanor,

Nimepoteza kazi ya kubeba kwa ndege nyama ya ranchi ya El Carandá siku ya Jumanne, tarehe 12 Agosti, saa saba na robo mchana, na aliyeipata ni wewe. Nimetanguliza hilo usije ukadhani nimekukumbuka tu. Sasa salamu. Hujambo? Mkeo Yolanda hajambo, na mimba yake inaendaje? Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Hatujasemezana tangu tumzike Baba mwezi wa Novemba, kwa hiyo soma polepole.

Nilitua saa sita na dakika ishirini. Joto digrii thelathini na sita. Nikazima injini, tukapakia kilo mia nne na sitini, dakika ishirini na tano hivi. Niliporudi kwenye usukani injini ilikuwa tanuri. Ikakohoa, ikanyamaza. Najua kinachotokea: joto linapanda ndani ya boneti, petroli inachemka kwenye mirija myembamba, na pampu inasukuma mvuke badala ya mafuta. Lakini kujua ugonjwa si kujua dawa. Nilipiga starta mara tisa, betri ikafa. Nzi wakaanza kazi yao.

Don Belisario, mwenye ranchi, akaja, kofia mkononi. "Bi Delmira, nyama haijui kusubiri."

"Nipe nusu saa ipoe."

"Nusu saa umeshaitumia. Ndege ya Nicanor haijawahi kunikwamia hapa hata dakika moja. Unaona, kufundishwa na baba yenu, marehemu Fulgencio, ni kitu kingine."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambieni aisukume, mabega anayo!"

Nicanor, mimi nina saa 2,140 angani, wewe 1,310. Leseni yangu niliipata kwa kuuza jibini sokoni miaka sita. Yako ilitoka mfukoni mwa Baba. Wewe ulikalishwa kiti cha pembeni yake ukiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilipewa ndoo nikaoshe mbawa. Asubuhi za surazo, baridi ya kusini ikishuka mpaka digrii nane, hakuna anayenishinda: kishikio chekundu cha mafuta ndani, pampu sekunde saba badala ya nne za siku zote, starta, imewaka. Hiyo nilijifundisha mwenyewe. Lakini kuwasha injini ya moto Baba alikufundisha wewe peke yako, na kijicho kinanila. Sikufichi, unanijua.

Alikuambia nini? Niandikie. Na mimi ni mtoto wake.

Dada yako,
Delmira


Santa Ana del Yacuma
24 Agosti 1986

Dada Delmira, shikamoo.

Barua yako imefika, pilipili tupu. Sisi wazima. Mkunga anasema tumboni mwa Yolanda mna mapacha. Mimi nasema ni ndizi za kuponda anazokula kutwa. Kuhusu Don Belisario, mimi sikumwomba kazi, kaniita mwenyewe. Usinune.

Hiyo ya injini ya moto ni jambo dogo, dada, ila lataka mkono. Sukuma kishikio chekundu ndani kabisa, fungulia pampu kwa nguvu zake zote sekunde arobaini, halafu starta. Baba alikuwa akisema injini haitaki kubembelezwa, inataka kujua nani bwana. Jaribu, utanishukuru.

Mdogo wako,
Nicanor


Trinidad
9 Septemba 1986

Nicanor,

Hujambo. Nikiulizwa mimi, sijui nijibu nini.

Jana, kwenye ranchi ya San Lorencito, nilifanya ulivyoandika. Nilijiuliza: hii si ile njia ya baridi, imerefushwa tu? Nikajijibu: labda hiyo ndiyo siri yenyewe, Baba hakuwa mjinga. Sekunde arobaini nikazihesabu zote. Petroli ikafurika, ikadondoka chini ya boneti kwenye majani. Nilipogusa starta, moto ukalipuka mbele ya magoti yangu. Nikavuta kishikio chekundu, nikaendelea kuizungusha injini ili iumeze moto wake. Nilipoachia, Mama Petrona, yule aliyekuwa akipakia nyama El Carandá kabla ya kuhamia huku, akaifunika pua ya ndege kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Bila ngozi ile leo ningekuwa nakuandikia habari za majivu.

Tulipokaa chini tukitweta, akaniuliza, "Nani kakufundisha ujinga huu?"

"Nicanor."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nicanor! Yule ajue wapi kuwasha injini ya moto? Hazimi injini, mwanangu! Miaka miwili nimempakilia, pangaboi la ndege linazunguka, sisi tunapita nyuma tumeinama kama kuku walionyeshewa. Hata mzee Fulgencio alikuwa hivyo hivyo. Sisi tulidhani ni haraka tu za watu wakubwa."

Yeye nimemwuliza mara tatu. Wewe nakuuliza mara moja. Ni kweli?

Delmira


Santa Ana del Yacuma
2 Oktoba 1986

Dada, shikamoo.

Najua nimechelewa. Barua hii nimeichana mara nne. Yolanda amejifungua, na kweli ni mapacha, wasichana wote wawili. Mama na watoto hawajambo.

Ni kweli. Sijawahi kuwasha injini ya moto maishani mwangu. Baba hakunifundisha kwa sababu na yeye hakujua. Alichonifundisha ni kuliacha pangaboi lizunguke, huku natazama saa kama mtu mwenye shughuli nyingi. Uliponiuliza, ningesema sijui? Kwako wewe? Nikachukua ile ya asubuhi ya baridi, nikaongeza sekunde. Sikujua kama italeta moto. Naapa kwa hawa watoto.

Nawe unaniambia habari za kijicho! Unajua Baba alikuwa akisemaje mezani, wewe ukiwa sokoni na jibini zako? "Delmira angezaliwa mwanamume, huyu nisingempa hata ndoo." Kila Jumapili, mbele ya wageni. Siku uliyopata leseni nilikaa siku tatu sishiki chakula. Kwa hiyo tusishindane nani ameumia zaidi.

Wiki iliyopita pangaboi lilikata ukingo wa kofia ya mpakiaji mmoja. Kofia tu. Mwenyewe alicheka, mimi sikucheka. Nakuomba, Don Belisario asijue. Akijua, kazi imekwenda, na sasa tuko wanne nyumbani.

Mdogo wako,
Nicanor


Trinidad
6 Oktoba 1986

Mdogo wangu Nicanor,

Hongera ya mapacha. Wabusu wote wawili, na Yolanda mwambie asiamke mapema.

Ungeandika neno moja tu, "sijui", na nisingekaribia kuungua. Hilo silisamehe leo. Halafu miaka ishirini nimekuonea wivu kwa kitu ambacho hakikuwepo, na hasira yote ile sina pa kuirudisha. Wivu bado ninao, ukitaka kujua. Sasa ni wa hiyo meza ya Jumapili. Maneno yale yalikuwa yangu, ukayala wewe.

Tuje kwenye kazi. Tangu moto ule nimejaribu mara ishirini na mbili, saa mkononi, kila mara injini ikiwa imezimwa dakika ishirini mpaka thelathini juani. Mara kumi na tisa imewaka kwa mguso wa kwanza. Dawa ni kinyume cha ulichoniandikia. Kishikio chekundu kivute nje kabisa, tone lisiingie kwenye silinda. Cheusi cha nguvu kisukume ndani. Pampu kwa nguvu zote, sekunde arobaini na tano: petroli ya baridi inatoka kwenye bawa, inapita mirijani, inaufagia mvuke na kurudi nao tangini. Zima pampu. Cheusi kirudishe, ukiache ndani upana wa kidole kimoja tu. Sasa chekundu ndani, pampu sekunde mbili, starta. Ikifurika, chekundu nje, cheusi ndani kabisa, zungusha mpaka ishike, ndipo uvibadilishe taratibu. Mara tatu zilizonishinda betri ilikuwa dhaifu, nami nilijua ni dhaifu.

Sikukuandikia haya bure. Jumanne tarehe 14 utatua El Carandá na utazima injini. Watu wapakie pangaboi likiwa limesimama. Dakika ishirini na tano zikipita, utaiwasha. Kisha utamwambia Don Belisario, kwa sauti watakayoisikia wapakiaji wote, ni nani aliyekufundisha, na kwamba safari za Jumanne na Ijumaa, zilizokuwa zangu, unanirudishia. Zile tatu nyingine baki nazo, una watoto. Ukikataa, habari ya kofia nitampelekea mimi, na hapo hatubaki na kazi sote wawili. Mimi nimeshazoea kuanza upya. Wewe hujawahi.

Sitaki hadithi. Jumamosi tarehe 11, saa sita kamili mchana, redio yangu itakuwa wazi ikingoja jibu lako, na marubani wote wa Beni watakuwa wanasikiliza. Utazima na utanitaja jina: ndiyo au hapana?

Dada yako,
Delmira