Kwa Nini Sichukui Tena Vifurushi Vyako

Kamembe, Jumapili mchana

Kwako dada yangu Gasaro,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote wa hapo Nyamirambo, halafu nakuuliza habari za mgongo wako. Je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Mara ya mwisho uliniambia umepata kiti chenye egemeo, nikashukuru, maana nakujua, ukianza kushona husimami mpaka mtu aje kukunyang'anya kitambaa.

Sisi huku ni wazima. Mama yetu jua likiwaka anatembea vizuri mpaka kwa majirani. Mvua ikinyesha anakaa ndani na kuwasema hao hao majirani. Nasiri yuko kwenye karakana yake, amepata kazi ya milango ya nyumba moja kule juu, na mbao zimejaa uani hata hatuna pa kuanika nguo. Watoto wako madrasa. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa mezani na kalamu.

Dada, najua umekasirika. Umenipigia simu sikupokea. Ulipompigia Nasiri, alikwambia niko kazini, na siku hiyo nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimpungia mkono akatae. Watu wa basi nao wamekwambia vifurushi vyako viko kwao tangu vilipofika, hakuna aliyevichukua. Uliacha ujumbe ukiuliza kama nimepata mshonaji mwingine. Hapana, sijapata mwingine, na wala sitafuti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitakwambia mambo ni sawa, halafu tutacheka, halafu nitakuwa nimekudanganya na wewe.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilikuja kwako Idi ile nikakueleza jinsi wanawake wanavyokuja kujifungua kituoni kwetu, mtoto anatoka, na mama hana hata kipande cha nguo cha kumfunika, anavua kitenge chake mwenyewe. Wewe ukainuka palepale, ukatoa mabaki ya kitambaa laini, ukashona kofia ndogo huku tunaongea. Nilirudi Kamembe na mfuko wa shali na kofia, nikaziuza zote kwa bei ambayo haikumuumiza mtu. Wakunga wenzangu walinipongeza. Mimi mwenyewe nilijiona nimefanya jambo jema, na naamini mwanzoni lilikuwa jema kweli.

Baadaye ikawa kazi juu ya kazi. Wewe unaijua ile hali, kwa hiyo sitaieleza sana. Naamka kabla ya adhana, napika chai, nawavalisha watoto, napanda pikipiki kwenda kituoni, nashinda nimesimama, narudi, napanga shali kwa rangi juu ya kitanda huku mdogo anajilaza katikati yake. Nasiri alikuwa akisema nyumba inanuka sufu kama duka. Lakini hakulalamika, kwa sababu tulinunua tangi la maji, na chumba cha mama kikapata saruji. Watu wa mtaani walianza kuniita mama wa biashara. Dada, nilipenda jina hilo. Nilipenda kuliko jina la mkunga.

Mwanzoni mfuko ulikaa chini ya meza katika chumba chetu cha kupumzikia. Mwanamke akiuliza, namwonyesha. Halafu nikauhamishia kwenye chumba cha kupimia wajawazito, kwa sababu huko ndiko wanakopita wote. Halafu nikawa nazitandika shali kwenye kitanda, kabla hawajaingia, ili wakilala nipime tumbo wazione. Emerance, mkunga mwenzangu ambaye tumefanya kazi pamoja tangu niajiriwe, aliniita nje akaniambia kwa upole.

"Umwali, hawa wanawake hawajui kama unauza au unaagiza. Umevaa koti jeupe."

Nilimjibu kwamba ana wivu. Nilimwambia kama anataka na yeye auze, soko liko wazi. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana tu.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Kuna mwanamke mmoja wa vilima vya huko Giheke, anaitwa Védastine. Ana mtoto mmoja wa kike, na alikuwa akingojea wa pili. Mume wake, Mukengere, analima mashamba ya watu. Védastine ni mtu wa kunyamaza. Akija kupimwa anakaa mwisho wa benchi, na ukimwita anainuka haraka kama amechelewa. Alipokuja mara ya mwisho, tumbo limeshashuka, nilimpima nikamwambia mtoto amekaa vizuri na siku zimekaribia. Alitazama ile seti nyeupe uliyoitia ukingo wa njano. Alifuta mkono kwenye sketi kabla ya kuigusa. Hakununua. Alishukuru akaondoka.

Siku ilipofika, uchungu ulimwanza asubuhi. Kwa kawaida angefika kwetu mapema, kwani mtoto wa kwanza alimzaa kwetu bila shida. Lakini alimwambia mume wake hawezi kutoka nyumbani mpaka wapate shali na nguo za mtoto. Mukengere akazunguka kwa majirani. Nyumba ya kwanza hawakuwa nazo, nyingine wenyewe walikuwa shambani, na shangazi yake anakaa ng'ambo ya bonde. Alipopata shali ya kuazima na kurudi, mvua ilikuwa imeanza na mke wake hawezi tena kutembea vizuri. Alijifungulia njiani, kando ya shamba la chai. Wachumaji waliacha vikapu vyao, wakamkinga mvua kwa maturubai. Mtoto alitoka akilia. Lakini damu ya mama ilikuwa haikatiki.

Walimleta wamembeba kwenye machela, wanaume wanabadilishana, wote wamelowa. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilikimbilia mlangoni, na Dada, kabla sijauliza kitu, kabla hajanionyesha mke wake ambaye midomo ilikuwa imekuwa myeupe, Mukengere alinyanyua juu ile shali ya kuazima.

"Maman, tumeleta! Iko hapa, tumeleta!"

Aliyarudia maneno hayo mpaka Emerance alipomshika mkono na kumkalisha. Sisi tulifanya tulichoweza, gari la wagonjwa likaja, wakampeleka hospitali. Védastine alipona. Walimtoa kizazi ili apone. Mtoto ni wa kiume, mzima, ana sauti kubwa. Hatakuwa na mdogo wake.

Kituo kikifikwa na jambo kama hili lazima kikao kikae, kutafuta kwa nini mama alichelewa. Mkuu wetu, Bwana Niyitegeka, alituita wote, na Védastine alipopata nguvu kidogo aliitwa naye pamoja na mume wake. Mukengere aliulizwa kwa nini hawakuja mapema. Akasema mke wake aliambiwa kituoni kwamba mtoto hapokelewi bila shali na kofia. Bwana Niyitegeka akageuka akatutazama, akauliza ni nani aliyesema maneno hayo. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kazini kwamba wajawazito wote tunawashauri wajiandae na nguo za mtoto, kama wizara inavyotufundisha, na labda huyu mama alielewa vibaya. Nikasema yale mauzo yangu ni msaada tu, anayetaka ananunua, asiyetaka haulizwi.

Bwana Niyitegeka akamuuliza Védastine mwenyewe. Alikuwa amemshika mtoto, kichwa ameinamisha. Alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi sikuelewa," akasema. "Maman alinieleza vizuri. Kosa ni langu."

Mume wake alitaka kusema kitu, yeye akamgusa goti. Wakaandika kwamba mama alichelewa kwa kutoelewa maelekezo. Kikao kikaisha. Wenzangu wawili walinipa mkono, wakasema pole kwa usumbufu.

Dada Gasaro, sikiliza sasa lile ambalo sikuweza kulisema kwenye simu. Védastine alielewa vizuri kabisa. Siku ile alipogusa shali yako aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama ni lazima mtu aje nayo. Ilikuwa siku mbaya ya mauzo, mfuko ulikuwa bado umejaa, na nilikuwa nimeshamwahidi Nasiri mabati ya jiko. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia hapa mtoto hapokelewi bila shali na kofia, kwa hiyo ajitahidi. Nilisema nikitabasamu. Na hakuwa wa kwanza. Wengine niliowaambia hivyo walikwenda wakauza kuku wakarudi kununua, na mimi nikasema moyoni kwamba biashara yangu inakua.

Baada ya kikao nilikaa wiki nzima nikijiambia kwamba yeye mwenyewe ameshanisafisha mbele ya watu, basi yameisha. Siku ya Ijumaa nikachukua ile seti yenye ukingo wa njano, nikaenda kwake. Nilijiambia ninakwenda kumjulia hali. Alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye sweta ya baba yake, mikono ya sweta imezungushwa nyuma. Nikatoa shali nikamwekea mapajani. Hakuifungua. Alimwita binti yake amletee kitambaa alichofungia vijisenti vyake, akaniuliza.

"Ni bei gani, Maman?"

Nilimwambia ni zawadi. Akatikisa kichwa akisema atalipa pole pole, nisimwandike vibaya, kwa sababu mtoto anatakiwa kuja chanjo na hataki arudishwe. Hapo ndipo nilipojua kwa nini alinitetea. Hakunihurumia. Aliniogopa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kumleta kwangu chanjo na mwingine wa kumleta akiugua, na hakuwa na kituo kingine.

Nilishuka kwenye kiti nikakaa naye mkekani. Nilimwambia yote: kwamba nilimdanganya ili anunue, kwamba hakuna mtoto anayekataliwa kwa sababu ya nguo, hata aje amefungwa kwenye majani ya ndizi, na kwamba mbele ya kikao nilimdanganya tena huku anasikia. Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Kumbe ningekuja tu?"

Nikamwambia ndiyo, ungekuja tu. Akamtazama mtoto. Halafu akaichukua ile shali yako mapajani, akanirudishia, akaniomba niondoke kabla Mukengere hajarudi kutoka shambani. Hakunisamehe, Dada, na sikuthubutu kumwomba.

Jumatatu yake nilikwenda kwa Bwana Niyitegeka nikasema mbele yake, na mbele ya Emerance, kwamba yaliyoandikwa si kweli. Ameandika upya na kupeleka wilayani. Sijui watanikata mshahara, au watanihamisha, au watanitoa kabisa. Wodi ya uzazi nimeshatolewa. Sasa nakaa dirishani nikiandikisha wagonjwa. Nyumbani nilimweleza Nasiri alipokuwa anapiga randa. Aliiweka chini, akauliza kama tangi la maji na saruji ya chumba cha mama ndiyo hizo pesa. Nikasema ndiyo. Amerudi kupiga randa na mpaka leo anaongea na mimi mambo ya lazima tu, chakula na ada. Mama bado hajui. Nakuomba usimwambie, nitamwambia mimi mwenyewe.

Mikono yako haina kosa katika haya, nataka ulijue hilo. Ulishona kwa moyo, na shali zako ni nzuri. Ni mimi niliyezitandika mahali ambapo mtu amelala hawezi kukataa. Najua pia kodi ya chumba chako cha kushonea inategemea mauzo ya huku, na kwa kukaa kimya nimekuumiza. Nimeongea na Latifu, yule mwenye duka la vitambaa sokoni Kamembe. Amekubali kuzichukua na atakutumia pesa yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu. Kwake mtu anaingia akitaka na anatoka akitaka. Kesho Nasiri atavitoa vifurushi kwa watu wa basi na kumpelekea. Mimi sitaki vipite mikononi mwangu.

Wanawake wanaokuja dirishani bado wananiinamia kichwa na kunishika mkono kwa mikono miwili, kama zamani. Zamani nilikuwa nikirudi nyumbani nikimsimulia Nasiri jinsi wanavyoniheshimu. Sasa nawatazama machoni mmoja mmoja, na sijui ni nani kati yao alikuwa ananiheshimu na ni nani alikuwa ananiogopa.

Ukiwa na la kunijibu, nijibu, hata kama ni kali. Nisalimie shemeji, na umbusu mdogo wenu aliyeanza shule. Mama anakusalimu sana, anasema umtumie ile dawa ya kuchua miguu. Watoto nao wanakusalimu, nawasikia wanarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Umwali