Mwizi Aliyeliliwa Kanisani

Debora, uko hewani? Siamini kilichotokea kanisani sasa hivi.

Unamkumbuka Mama Zablon wa hapa Bahi, yule ambaye mwanawe alisingiziwa wizi wa mbuzi, akapigwa mawe mpaka akafa? Basi leo, Ijumaa Kuu, mchungaji anahubiri habari za yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, akaahidiwa kuingia peponi. Kanisa zima linalia. Wazee wa kanisa wanafuta machozi!

Mama Zablon akasimama. Katikati ya mahubiri! Sauti haitetemeki hata kidogo.

"Mchungaji, huyo mwizi mnamlilia. Zablon wangu mlikataa kumzika."

Nakwambia, kasema hivyo mbele ya kanisa zima. Mlikataa kumzika!

Mchungaji akasema, "Mama, hapa si mahali pake."

Yeye akajibu, "Kama si chini ya msalaba, ni wapi basi?"

Ndipo mwalimu wa kwaya akanyoosha mikono, wakaanza kuimba kwa nguvu ili asisikike. Debora, wamemwimbia mama anayelia ili anyamaze! Na humo kwayani wamo waliorusha mawe siku ile, wote tunawajua.

Mama Zablon akajifunga khanga yake vizuri, akatoka. Nikamfuata. Mchungaji naye akaja mbio mpaka getini, jasho linamtiririka.

"Mama, usiondoke hivyo. Jumapili ni Pasaka, njoo tufurahi pamoja."

Akamtazama weee.

"Nyie nendeni kwenye Pasaka yenu, baba mchungaji. Mimi bado niko Ijumaa."