"Je t'aime" Niliyoigeuza Salamu

Kasongo, tarehe 9 Juni 1957

Bwana Mushauri wa gazeti, ninakuandikia na haya usoni, na ninakuomba unisome mpaka chini mbele ya kucheka, sababu hapa Kasongo wamekwisha kunicheka ya kutosha.

Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na saba, ninajua Kifaransa na Kiswahili, na juu ya hiyo Père Gérard, padri wetu, alinichagua nitafsiri filme aliyotuonyesha Jumapili mchana katika chumba kikubwa cha masomo, madirisha yamezibwa na mikeka, wanaume kushoto, wanawake kuume, nami nimesimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti mukononi, mimi ambaye hata kuomba chumvi mezani ninaona haya. Filme yenyewe, Bwana, ni nzuri mpaka inauma: kijana fundi wa saa anamupenda binti wa mwenye kinu, miaka minne hamuambii kitu, anamutengenezea tu saa yake, na kila akiimaliza analegeza skrubu moja kusudi irudi tena, na binti anajua, na anairudisha bila kuuliza, mpaka siku anapopelekwa kuolewa mbali, treni inaondoka, kijana anakimbia kando ya dirisha na hapo ndipo anasema, "Je t'aime."

Tafsiri nilikuwa nayo mudomoni tayari: "Ninakupenda." Hata mutoto wa darasa la kwanza angeweza. Lakini nikainua macho nikamuona Feza, binti wa katekista Pierre, safu ya pili, ananitazama mimi, hatazami kitambaa, na kinywa changu kikasema ndani ya kipaza sauti: "Ninakusalimia sana, wewe na watu wa kwenu."

Watu mia tatu wakaanguka kwa kicheko. Muzee mumoja akajibu, "Zimefika, na sisi hatujambo." Tangu siku ile nikipita sokoni wanawake wa samaki wananiuliza watu wa kwetu wako namna gani.

Hayo ningevumilia. Lakini Feza, anayesoma kwa masista na Kifaransa anakijua, alinikuta mutoni akaniuliza, "Yule kijana alisema nini kweli?" Nikamuambia ni verbe, kitenzi cha kundi la kwanza, nikamuchambulia nafsi zote mpaka "ils aiment", wanapenda. Akajitwika ndoo yake. "Asante, mwalimu," akasema, akaenda. Sasa watu wa Célestin, karani wa pamba, wanakuja kwa baba yake tarehe 30 kumuposa, na mimi ninamupenda tangu komunyo ya kwanza, lakini ninafikiri labda kunyamaza ndiyo upendo mukubwa, kama wa yule fundi. Niseme ao ninyamaze?

J., mwanafunzi

*

Kijana wangu J.,

Nimekusoma mpaka chini, lakini kicheko kilianza juu, unisamehe. Fundi anakimbiza treni, pumzi zinamwishia, na wewe unamufanya aulize habari za wajomba.

Filme hiyo nami niliiona Kabambare mwaka jana, na nililia, muke wangu ni shahidi. Ndiyo sababu ninakukasirikia. Umeipenda vizuri na kuielewa vibaya. Ile skrubu ni nzuri, ninakubali. Lakini uliutazama uso wa binti pale dirishani? Ni uso wa mutu anayeletewa dawa siku ya matanga. Filme haisifu kunyamaza, inalilia kunyamaza huko. Tena yule fundi ni muchezaji wa filme tu, mikeka ikiondolewa madirishani anavua koti lake na kwenda kula. Wewe, ikiondolewa, Feza yuko jikoni kwa karani wa pamba.

Unaogopa kuchekwa. Na nani? Kasongo nzima imekwisha kukucheka, kuna kijiji gani kilichobaki?

Feza alisikia Kifaransa kwa masikio yake, na bado alikuuliza. Hakukosa kamusi, kijana. Alingoja nafsi ya kwanza peke yake, wewe ukamuletea zote sita.

Basi sikiliza. Umuambie mwenyewe, mchana, kwa Kiswahili. Usiandike barua, usimutume dada yako. Akikubali, siku hiyohiyo umuombe baba yako mudogo avae koti aende kwa katekista, aseme wazi kwamba masomo yako hayajaisha na kwamba munaomba musikilizwe kabla ya watu wa Célestin. Katekista anaweza kukataa. Feza mwenyewe anaweza kumutaka Célestin, na akimutaka, umupe Célestin mukono, ulie kwenu, urudi darasani. Hiyo itauma muhula mumoja. Kutojua kutauma mpaka uzeeni.

Na usihesabu siku mpaka tarehe 30. Majina yote nimeyabadili, lakini kisa chako hakibadiliki, na gazeti hili linafika kwa masista wa Kasongo siku ya Ijumaa, wanalisoma kwa sauti wasichana wakishona, Feza kati yao. Kama ni Ijumaa na unasoma hapa, unasoma nini tena? Wasichana wanatoka saa tisa.