Nafasi ya Bhoke

Nkende, Tarime
30 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa Revocatus,

Habari za Kanada na baridi yake? Natumaini kifua kimepona na unakula vizuri. Sisi hatujambo. Mama bado anabishana na dawa zake za presha, lakini shambani anakwenda, na ukimkataza anakuuliza kama utamlimia wewe.

Mvua zimeanza. Shemeji yako Simon ameuza lile dume korofi, majirani wamepumua.

Habari kubwa ni kiwanda cha kukoboa kahawa. Kilikaribia kufungwa, serikali ikatoa fedha kukinusuru. Wengine wanasema bora ingejengwa zahanati. Wengine wanasema bila kiwanda kahawa yote itavuka mpaka wa Sirari kwa magendo. Simon anasema ni kumnunulia pumba ng'ombe aliyekauka maziwa. Mimi sikushika upande. Ila waliposema fedha ni zetu, basi na ajira ziwe za watoto wetu, nilipiga makofi, maana Tabitha wangu amekaa nyumbani tangu amalize chuo.

Mwanzoni mwa mwezi ukaitishwa mkutano. Afisa kazi akasema anayemjua mgeni anayefanya kazi kiwandani bila kibali amtaje. Watu wakapaza sauti: Vedasto! Huyu ni mhasibu, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania kama mimi na wewe. Kosa lake hajui Kikurya, na kwenye harusi kwa mzee Heche aliisukuma pembeni sahani ya kichuri, nyama yetu chungu ya nyongo. Alitoa kitambulisho cha taifa, wakasema amekinunua. Nilicheka na wenzangu mpaka nilipomwona anakifuta kwa shati na kukinyoosha tena.

Ndipo akasimama Bhoke, yule binti wa mjomba Wangwe wa Kehancha, upande wa Kenya. Anakaa kwetu siku hizi, na pale kiwandani ndiye aliyekuwa akipanga madaraja ya kahawa.

"Wachaneni na huyo," akasema. "Mkenya hapa ni mimi, na kibali sina."

Mzee Heche akamkemea: "Bhoke, kaa chini, mwanangu. Haya ni mambo ya wageni."

Wala hakuwa anatania. Kwetu mtu wa ukoo si mgeni hata akitoka ng'ambo ya mpaka. Wewe mwenyewe ulisoma Kehancha ukilala kwa mjomba, na hakuna aliyekuuliza karatasi. Lakini afisa alikuwa ameshasikia. Hakumkamata. Alimpa muda hadi mwisho wa mwezi arudi kwao, akasema kibali hatapata kwa kazi ambayo raia anaiweza.

Nasikia hata huko wanalalamika kwamba wageni mmejaa makazini. Usiwachukie sana. Pengine ni akina mama wenye watoto waliokaa nyumbani.

Nafasi ya Bhoke amepewa Tabitha. Sikumwendea mtu; waliitisha usaili, akashinda. Anaanza Ijumaa. Nimefurahi, na Bhoke akiingia naificha furaha yenyewe. Bhoke hajanuna hata kidogo. Jioni anamwaga kahawa kwenye ungo, anamfundisha mwenzake kuitambua punje mbovu kwa harufu, na wanacheka. Angenitukana ningeona nafuu.

Mjomba anajua binti yake anarudi, hajui kazi imekwenda kwa nani. Kila nikishika simu naiweka. Nakuomba wewe uliyekula ugali wake umweleze kabla hajasikia mnadani.

Kesho Bhoke anaondoka. Leo amefua koti lake la kazi, akalipiga pasi, akamvalisha Tabitha mbele yangu. Limemkaa sawasawa. Nilitamani lisimtoshe.

Mama, Simon na Tabitha wanakusalimu sana. Bhoke naye anakusalimu, anasema uvae sweta. Mungu akupe kibali machoni pa watu wa huko, na akulinde ugenini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Winfrida