Vigelegele Bila Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Februari 1987

Naliomba radhi daftari kama vile ni mtu. Tangu Omari aanze kuota meno sijashika kalamu. Jana kalia mpaka alfajiri, kaja kulala nilipoanza kukanda unga wa mahamri. Nikampeleka Zuhura skuli, nikafundisha wadogo wangu wa nasari, mchana nikaingia ukumbini kwenye masomo ya cheti cha ualimu. Macho kama yametiwa mchanga.

Mwalimu Mutua anatufundisha kutazama filamu. Anasema hakuna kilichojiweka mle chenyewe, kila kitu mtu amekichagua. Kwa hivyo uliza. Nani ana jina? Nani anasema? Nani anatazamwa tu? Nani anaokoa, nani anaokolewa? Nimelipenda somo hili. Limenitoa usingizi.

Jumatano atatuonesha kanda ya video, ya shujaa anayeruka angani. Imepigwa hapa hapa Malindi, miaka mitatu nyuma. Nami nimo! Nitakwenda na Zuhura, amwone mamake.

Jumatano, 4 Februari

Nina hasira.

Wale Wazungu waliopiga filamu walituambia ni harusi. Kina mama wa mtaani tukatia hina, tukajifunga leso mpya, tukasimama ufukoni juani. Mama mkwe aliuliza, bibi harusi yuko wapi? Mkalimani akamjibu kuwa huyo atapigwa picha siku nyingine, nyinyi pigeni vigelegele tu. Tukapiga. Harusi ya watu huinyimi vigelegele, hata kama mwenyewe humjui. Mimi nilipiga mpaka koo likakauka.

Leo nimeona. Harusi hamna. Kuna pango, kuna moto, na msichana wa Kizungu kafungwa kamba atupwe shimoni. Kila akivutwa karibu na shimo, vigelegele. Vyetu. Nimeisikia sauti yangu mwenyewe inashangilia mtu kuuawa. Halafu shujaa akashuka na joho lake la kijani, akawatawanya wale wanawake kama kuku, akambeba msichana.

Kadzo, mwenzangu wa darasani kutoka Junju, aliniinamia akaninong'oneza: "Hata mbwa wa shujaa ana jina, mwenzangu. Sisi ni wale tu."

Nikacheka. Sikutaka kucheka.

Zuhura alijifunika kwa buibui langu mpaka filamu ikaisha.

Ijumaa, 6 Februari

Baba Zuhura amekuja kutoka Watamu, hotelini wamempa siku moja. Anasema ni filamu tu, na soda zao tulikunywa. Nikamwambia soda nilikunywa, sauti sikuwauzia. Akambeba Omari. Angalau nimelala kwa saa mbili.

Kazi ya Mwalimu, ya kuichambua ile filamu, nimeiandika yote kwa pumzi moja.

Jumatatu, 9 Februari

Amenirudishia. Juu ameandika kwa wino mwekundu: Rudia.

"Mama Zuhura," akaniambia mbele ya wenzangu, "hii ni hasira. Si uchambuzi." Kisha akaeleza. Anayechambuliwa ni mhusika. Shujaa ni mhusika, msichana ni mhusika. Nyinyi kule nyuma ni kundi. Na vigelegele ni mapambo ya sauti.

Mapambo. Yeye ndiye aliyetufundisha kuuliza nani hana jina. Tumeuliza, tumepata jibu, sasa jibu halimpendezi.

Na zaidi. Kanda hiyo itaoneshwa watoto wote wa skuli hapo ukumbini, kwa kuwa eti ni filamu ya kwetu. Niliingia na shikamoo. Nimetoka bila kuaga.

Alhamisi, 12 Februari

Harusi ya wifi yangu Saumu. Zuhura tulimvika gauni jeupe, tukampa sinia la asumini atangulie mbele ya bibi harusi. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi na sinia la chai.

Saumu akatolewa ndani. Kapendeza, mashaallah. Wanawake wote wakapiga vigelegele kwa pamoja, nyumba ikajaa.

Sinia likaanguka. Zuhura akakimbia. Nilimkuta mvunguni mwa kitanda cha bibi yake, kaziba masikio.

"Mama, wanataka kumuua shangazi?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Alikaa chini pale pale sakafuni, na nguo zake za harusi.

Nilipomzaa mtoto huyu, marehemu Mama alipiga vigelegele vikasikika mpaka msikitini. Ndivyo alivyopokewa duniani. Leo anavikimbia. Wamemnyang'anya mwanangu kitu ambacho hata jina lake hawalijui. Nami nikiambiwa tena ni mapambo, sijui nitasema nini.

Bibi harusi alitangulia peke yake. Maua tuliyafagia baadaye.

Jumamosi, 14 Februari

Nimerudia. Si kwa ajili ya wino mwekundu.

Nimeyachukua maswali ya Mwalimu moja moja. Jina, hatuna. Maneno, hata neno moja hatupewi. Sura zetu zimeoneshwa mara moja tu, tena ni meno tu. Halafu nikaongeza swali langu: sauti hii imechukuliwa wapi, ikabandikwa wapi? Vigelegele vyetu havikudanganya. Aliyevihamisha ndiye aliyedanganya. Mwishoni nikaandika habari ya Zuhura mvunguni, bila kutia chumvi.

Nimempelekea ukumbini. Alisoma amesimama. Alipofika mwisho akavuta kiti. Akasema hata kwao Machakos mtoto akizaliwa wanawake hupiga vigelegele, na kwamba kwenye filamu alivisikia asifikiri lolote. Hilo alilisema polepole, kama linamuuma. Hasira yangu ikapungua kidogo. Haijaisha.

Kuzuia filamu hawezi, si amri yake. Lakini kabla haijaanza nitasimama mimi mbele ya watoto. Akauliza, utawaambia nini? Nikamwambia sitawaambia, nitawasikilizisha. Kwanza waisikie sauti hii kwenye harusi ya kweli, ndipo waione ilipopelekwa.

Jumanne, 17 Februari

Joto. Omari katoa jino, kalala.

Zuhura alikuja mwenyewe akaniketia mapajani. Akaniomba nimpigie kigelegele kimoja, kidogo. Nikapiga kidogo sana. Aliweka kiganja kwenye koo langu asikie kinavyotetemeka. Akauliza ni cha nani. Nikamwambia ni chako. Hakukimbia. Hakucheka pia. Akakitaka tena.

Kesho namwandikia Dada Mwanaisha, Mombasa. Anitumie kwa mtu yeyote anayekuja huku:

Betri nne kubwa za redio ya kaseti, nitakayoibeba ukumbini.

Dawa ya fizi za mtoto, ile ya chupa ndogo.

Kitambaa cheupe, mita mbili. Gauni la Zuhura limeingia doa.

Kaseti ya harusi yangu, ile ambayo Mama anasikika akipiga vigelegele mwanzo kabisa, kabla ya taarabu. Asiirudishe nyuma kwa penseli, utepe utakatika. Aitume ilivyo.