Tundu Kwenye Laptopu ya Mama Mdogo

Mama mpendwa, shikamoo! Nipo Kirua Vunjo kwa mdogo wako Eliaichi. Manyunyu hayakatiki na kiburu chake cha ndizi na maharage kimeninenepesha.

Jana nilisoma kwenye simu kwamba ile programu ya kuzuia virusi aliyoweka kwenye laptopu ina tundu. Ikikagua tu faili baya la barua pepe, wezi wanaingia kupitia humo humo. Na nyimbo zote za kwaya yake zimo mle, hazina nakala kwingine!

"Yaani mlinzi mwenyewe ndiye anayewafungulia?" akauliza, mikono kichwani.

"Tundu linazibika, mama mdogo. Tukiisasisha tu. Ila hapa mtandao hakuna."

Tukapanda hadi uwanja wa kanisa, mtandao unakoshika. Wanakwaya waliokuwa mazoezini wakaikinga laptopu kwa kanga zao isilowe. Ilipomaliza kusasishwa, tukafungua wimbo mmoja mmoja, zote nzima! Mama mdogo akapiga vigelegele, akanivuta katikati ya waimbaji wa sauti ya pili niimbe nao. Mwalimu wa kwaya alinikunjia uso kila nilipokosea sauti, lakini akina mama hawakuniachia.

Leo sauti imenikauka na bado nacheka. Mungu akutunze, mama yangu.

Mwanao, Neema